Dk. Theopista Mlay na Mashine ya Chumba 304

Uongozi wa Kituo cha Utafiti wa Lugha za Kompyuta unasikitika, na wakati huohuo unafurahi, kuwatangazia wafanyakazi wote, wanafunzi, majirani wa ghorofa ya pili na wauza matunda wa upande wa Mnazi Mmoja wanaotumia choo chetu, kwamba kiti cha kuzunguka kilichoko chumba namba 304, chenye magurudumu matano ambayo yamebaki matatu, kitakuwa wazi kuanzia tarehe 30 Juni 2026. Maombi ya kukirithi yapelekwe ofisi ya utumishi kwa maandishi. Hadi jana mchana yalikuwa yamefika manane.

Anayekikalia ni Dk. Theopista Mlay, mtafiti mwandamizi, ambaye siku hiyo anastaafu baada ya kukitumikia kituo kwa miaka thelathini na miwili kamili, tangu Julai 1994. Maombi ya kurithi kazi yake hayajafika.

Kwa faida ya wageni watakaosoma kijitabu hiki wakisubiri soda, kazi ya Daktari ni kutunga lugha ambazo binadamu anaweza kuziandika na kompyuta ikatii, na kutengeneza kompaila, yaani programu inayosoma maandishi ya lugha hizo na kuyageuza kuwa amri za mashine. Lugha za aina hii zipo nyingi sana duniani, na kubwa kati yake mmezisikia. Zilizobaki zina mtumiaji mmoja mmoja, ambaye kwa kawaida ndiye aliyezitunga. Daktari amefanya vizuri kuliko wengi. Lugha zake ni mbili na watumiaji ni wawili, naye mwenyewe akiwemo.

Daktari ni mzaliwa wa Kilema, Kilimanjaro, katika ukoo ambao kila mtu ana duka la jumla Kariakoo au anatafuta fremu ya kulifungua. Yeye alikwenda shule akachelewa kurudi. Kaka yake, Bwana Marcelino Mlay, anayeuza masufuria kwa jumla Mtaa wa Congo, kwa miaka yote hii amekuwa akimtambulisha kwa wateja kama mdogo wake anayefundisha kompyuta kuongea. Krismasi moja huko nyumbani, mbele ya ukoo mzima, Marcelino aliuliza, "Hiyo lugha yako, Theo, wanaiongea watu wangapi?"

Daktari hajawahi kukuza takwimu. "Kwa sasa wawili," akasema.

Marcelino alitafuna nyama yake mpaka ikaisha. "Basi hiyo si lugha. Hiyo ni siri."

Miaka saba ya kwanza ya utumishi ilikwenda kwenye lugha iitwayo Mzizi, ambayo ni lugha ya kuandikia kompaila za lugha nyingine. Kompaila ya kwanza ya Mzizi Daktari aliiandika kwa lugha ya kigeni, mistari elfu moja na mia tisa, akaiita Ngazi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ni kupandishia tu. Kisha akaiandika kompaila ya Mzizi kwa Mzizi yenyewe, akaipitisha kwenye Ngazi, na kuanzia hapo Mzizi ikawa inajitafsiri bila kushikwa mkono na mtu. Watu wa fani hii huliona jambo hilo kama mtoto kuacha kubebwa. Ndiyo maana mwaka 2001 Daktari aliifuta Ngazi kwenye kompyuta zote za kituo, akisema lugha iliyokua haitembei na mbeleko. Tulikata keki. Ilikuwa keki ya ndizi, na wote tuliokuwepo tunakiri kwamba tulikula.

Machapisho yake ni arobaini na moja. Makala ya mwaka 2003 kuhusu Mzizi imenukuliwa na wataalamu mara kumi na tisa. Mara kumi na nne kati ya hizo aliyenukuu ni Daktari mwenyewe, ambaye anaielewa makala hiyo kuliko wengine.

Lugha ya pili, Sindano, ilianza mwaka 2004 kwa safari ya kununua mapazia. Daktari alikuwa akipita Mtaa wa Narung'ombe akaona ndani ya fremu moja mashine ya kudarizi, ile ya kompyuta, iliyoletwa nchini ikiwa imeshachoka kwingine. Mbele yake alikaa mwanamke anabonyeza kitufe. Alikibonyeza mara moja kwa kila tundu ambalo sindano ilitakiwa kutoboa, na nembo moja ya shule ina matundu kama elfu nne. Daktari alisimama mlangoni saa tatu nzima. Mwenye fremu, Bi Zamda Mwinyimvua, alidhani huyu ni mtu wa leseni, akamletea kiti na soda. Alipojua kwamba ni mtafiti, kiti alikiacha lakini soda aliichukua.

Miezi kumi na minne baadaye Sindano ilikuwa tayari, na mapazia bado hayajanunuliwa mpaka leo. Kwa lugha hiyo fundi huandika Kiswahili cha kawaida: anza katikati, rudia mara kumi na mbili, shona jani, geuka, rudi katikati. Kompaila huyageuza maneno hayo kuwa matundu elfu nne, na ua linatoka. Kitambaa cha shati hakivutiki kama cha sweta, kwa hiyo kila kitambaa kinapobadilika nembo hutafsiriwa upya, na hapo ndipo Sindano inapofanya kazi ambayo kidole hakiwezi. Leo Bi Zamda ana mashine saba, wafanyakazi tisa, na nembo elfu moja mia moja arobaini zilizoandikwa kwa Sindano. Msimamizi wake wa mashine, Bi Najma, mama wa watoto wanne, anaifahamu lugha hiyo kuliko aliyeitunga, kwa sababu yeye huitumia.

Kompaila ya Sindano ilikaa sehemu moja tu, kwenye kompyuta nene ya rangi ya maziwa ndani ya chumba 304. Zamani nembo zilitumwa kwa mtandao. Mwaka 2017 anuani ya mtandao ya kituo ilibadilishwa na hakuna aliyekumbuka kuiarifu mashine. Tangu hapo Bi Najma alikuwa akitia nembo kwenye flashi, anakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, anapanda ghorofa tatu, anasubiri, anarudi Narung'ombe na matundu yake. Kwenye taarifa za mwaka mpangilio huo uliitwa mfumo uliosambaa.

Mwaka 2011 Daktari aliipa Sindano uwezo wa kuondoa hatua zisizo na kazi. Kompaila nyingi hufanya hivyo: zikiona amri ambayo matokeo yake hayatumiki popote, huifuta, na kazi ikawa nyepesi. Sindano iligundua kwamba mwisho wa kila mstari sindano husogea mbele kidogo, inarudi, inasogea, inarudi, na kuishia palepale ilipokuwa. Ikazifuta hatua hizo zote. Daktari aliandika uthibitisho wa kurasa kumi na moja kwamba picha inayobaki kitambaani ni ileile, akasafiri nao hadi mkutano wa kimataifa, akapigiwa makofi. Uthibitisho ule ulikuwa sahihi. Mpaka leo ni sahihi.

Wiki ileile aliyokuwa akipigiwa makofi, shule moja ya msingi, jina tunalihifadhi, ilivaa nembo mpya mia tatu na sitini zenye kitabu kilicho wazi na mwenge juu yake. Nguo zilipofuliwa mara ya kwanza, mwenge ulizimika. Zilipofuliwa mara ya pili, watoto waligundua kwamba ukimvuta mwenzako uzi wa kifuani, kitabu kinakwisha ukurasa kwa ukurasa.

Bi Zamda alipanda ngazi zetu na kiroba begani, akakimimina juu ya meza ya Daktari, ndipo akasalimia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kulikoni?"

"Vuta huo uzi wa njano."

Daktari akavuta.

"Vuta tu, usiogope. Si umeshathibitisha."

Akavuta mpaka akabaki na uzi wa urefu wa mkono na kitambaa kitupu chenye matundu. Kisha akaeleza, kwa sauti ambayo haijasikika tena chumba hicho, kwamba aliziondoa hatua ambazo hazikuwa zikifanya kitu.

"Zile zinafunga uzi, dada Theo," akasema Bi Zamda. "Fundo la mashine huwezi kuliona. Ukiliona, ujue kashona mwanagenzi."

Daktari alizirudisha hatua zote siku hiyohiyo, akaomba likizo ya wiki mbili, akaitumia Narung'ombe akisaidia kushona upya nembo mia tatu na sitini. Aliporudi aliandika makala kuhusu hatua zinazoonekana hazina kazi na kumbe zina kazi. Hiyo ndiyo iliyomtangaza. Ilimpatia tuzo ya kioo ambayo sasa inazuia dirisha la chumba 304 lisijifunge. Bi Zamda ametajwa humo kwenye tanbihi, kwa maneno "mtumiaji mmoja." Aliikata tanbihi, akaibandika ukutani kando ya leseni, na mteja mpya akiisoma huambiwa, "Huyo mmoja ni mimi." Pia tangu mwaka huo hakuna toleo la Sindano lililohesabiwa kuwa sahihi kabla Bi Najma hajavuta uzi. Anavuta kwa vidole, na akiwa na mashaka anavuta kwa meno.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo Daktari ameruhusu liandikwe kwa sharti kwamba siku ya sherehe lisisomwe kwa sauti.

Daktari ana kanuni ya kuhifadhi nakala, ambayo wanafunzi wake wote wameikariri: hifadhi kile tu kisichoweza kuzalishwa upya. Maandishi ya programu yahifadhiwe. Programu iliyotokana na maandishi hayo haina haja, maana unaweza kuizalisha tena wakati wowote upendao. Kwa kanuni hiyo aliyahifadhi maandishi ya kompaila ya Mzizi sehemu nne tofauti, na kompaila yenyewe hakuihifadhi popote. Mwaka 2014 diski iliyobeba Mzizi ilikufa. Daktari alimaliza chai yake kwanza, ndipo akaleta nakala ya maandishi ili aizalishe kompaila upya. Kitu pekee duniani kilichoweza kuyasoma maandishi yale kilikuwa ni kompaila ya Mzizi.

Ni sawa na kuufunga mlango na funguo zote zikabaki ndani, tena ukiwa umesimama nje unakisifia kitasa. Ngazi ingeweza kusaidia, lakini Ngazi tulishaila na keki.

Sindano ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye diski nyingine, ndani ya mashine ya chumba 304, imeshatafsiriwa tayari. Iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Ila kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kwa Mzizi, haikuwezekana tena kuibadilisha, wala kuihamishia kompyuta nyingine. Kwa miaka kumi na miwili kila aliyeomba marekebisho alijibiwa na Daktari kwamba Sindano imefikia ukomavu. Kituo kiliandika hivyo kwenye ripoti, na mwaka 2019 tulipewa cheti cha programu isiyoyumba.

Oktoba mwaka jana zilimfikia barua mbili siku moja. Ya kwanza ilimkumbusha tarehe ya kustaafu. Ya pili ilitoka Kamati ya Mali Chakavu, inayoongozwa na Mkurugenzi wetu, Dk. Allan Shirima, ikisema kwamba mashine ya chumba 304 itazimwa na kuondolewa siku hiyohiyo ya kustaafu, kwa kuwa lugha inayotumiwa na duka moja haikidhi kigezo cha watumiaji kumi. Kwa kituo, jambo hilo lilikuwa mstari mmoja kwenye orodha ya vifaa. Kwa Narung'ombe, lilikuwa ni watu tisa na mashine saba kurudi kwenye kubonyeza kitufe.

Mkurugenzi aliwahi kuwa mwanafunzi wa Daktari na bado humpisha mlangoni. Alimsikiliza kwa heshima zote.

"Daktari, ihamishe tu kwenye kompyuta mpya," akasema. "Si suala la kunakili tu?"

Hapo ndipo mtu angemweleza habari ya diski, na kanuni ya nakala, na keki. Mkurugenzi mwenyewe amekuwa akiifundisha kanuni ile kwa miaka kumi na tano. Daktari akasema ndiyo, ni suala la kunakili tu.

Mtafiti kijana wa chumba cha jirani alishauri Sindano yote iandikwe upya kwa lugha ya kisasa, akakadiria miaka miwili na wanafunzi wawili. Daktari alikuwa na miezi minane, na hakuwa na mwanafunzi. Alichohitaji ni kitu kidogo zaidi: Ngazi. Akiipata Ngazi ataiamsha Mzizi, na Mzizi itaihamisha Sindano popote. Ndipo alipokumbuka kwamba mwaka 1998 Ngazi ilichapwa yote kwa ile printa ya kelele, kwenye karatasi ndefu zilizoungana. Kufuta alifuta, lakini karatasi hakuchoma.

Akaja stoo. Kitabu cha stoo kinaonyesha kwamba mwaka 2006 karatasi zote za zamani, maboksi sita, zilitolewa kwa Bi Zamda Mwinyimvua kwa matumizi ya ufundi. Aliyeidhinisha ni Dk. T. Mlay. Aliyeyabeba maboksi hayo ni mwandishi wa wasifu huu, na yalikuwa mazito.

Kudarizi kunataka karatasi nyuma ya kitambaa ili kisijikunje. Fundi akimaliza huchana ile inayozidi pembeni, lakini iliyo chini ya nyuzi hubaki humo maisha yote ya nguo. Januari hii Daktari alikwenda Narung'ombe kuulizia maboksi yake.

"Zile?" Bi Zamda akasema. "Zile zilikuwa karatasi, dada. Ngumu. Siku hizi hazipatikani. Zilitutosha miaka mitatu."

"Zilikuwa na maandishi, Zamda."

"Upande mmoja tu."

Kwa hiyo kompaila ya kwanza ya lugha ya Mzizi, kazi ya miaka miwili ya ujana wa mtafiti, ilivaliwa vifuani na watoto wa shule za Ilala na Temeke pamoja na timu mbili za mpira, ikafuliwa, ikapigwa pasi, ikarithishwa kwa wadogo zao. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba hakuna utafiti mwingine wa kituo hiki uliowafikia wananchi kwa kiwango hicho.

Bahati ni kwamba Bi Zamda hatupi nembo iliyokosewa. Alikuwa nazo boksi zima, uvunguni mwa meza ya kukatia. Bi Najma na Daktari walikaa wiki mbili wakizigeuza moja moja, wakikata nyuzi kwa wembe na kusoma kilichobaki. Walipata mistari mia mbili na kumi na miwili, mingine imetobolewa mpaka haijulikani kama ile ni nukta au ni tundu. Nyuma ya tembo wa timu moja ya daraja la tatu walikuta mwandiko wa Daktari mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, alioandika akiwa na miaka thelathini na saba: "Hapa si sahihi. Rudi."

Bi Najma alihesabu mistari mara mbili. "Mama, hii ni mia mbili na kitu. Umesema ilikuwa elfu na mia tisa."

"Iliyobaki nitaikumbuka."

"Na usipoikumbuka?"

"Nitaitunga upya."

"Sasa kama kutunga unaweza," akasema Bi Najma, bila kuinua macho kwenye wembe, "si ungetunga yote tangu mwanzo, tukaacha kuchana tembo?"

Mashuhuda wanasema Daktari aliweka wembe chini, akaomba kupewa sehemu ya kukaa aandike.

Alipewa stuli kati ya mashine ya tano na ya sita, na laptopu ya Bi Zamda ambayo hadi siku hiyo kazi yake ilikuwa kupiga kaswida. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima ziliangukia pamoja, kwa hiyo dukani hakuna aliyekula mchana na hakuna aliyepata nafasi ya kujisifu. Kanzu na kofia za Idi zilikuwa zimepangwa hadi mlangoni. Katikati ya kelele hizo mtafiti mwandamizi aliandika, akafuta, akaandika. Jioni alifuturu nao uji na magimbi, Ijumaa akiiruka nyama. Siku moja Bwana Marcelino alipita na mkokoteni wa masufuria, akasimama, akamtazama mdogo wake aliyekaa kwenye stuli ndani ya duka la Kariakoo, saa za kazi.

"Hatimaye," akasema. "Umepata fremu."

Hiyo ni mara ya kwanza kwa Daktari kucheka tangu Oktoba. Anasema alicheka kwa sababu ya uchovu.

Ngazi mpya ilikamilika ikiwa na mistari elfu moja mia mbili na arobaini, pungufu kuliko ile ya ujanani, na pale kwenye tembo alirudi, akaparekebisha. Ngazi iliisoma Mzizi. Mzizi ilijisoma yenyewe. Mzizi ikaisoma Sindano, na Ijumaa tarehe 6 Machi, muda mfupi baada ya watu kurudi kutoka swala, laptopu ya kaswida ilitoa matundu elfu nne na mia moja. Daktari alikuwa amechagua nembo ya kujaribia bila kumwambia mtu. Mashine ya tano ilipomaliza, juu ya kitambaa cheupe kulikuwa na kitabu kilicho wazi na mwenge.

Mashine zote saba zilisimamishwa, jambo ambalo halijawahi kutokea mwezi wa Ramadhani. Bi Najma alikitoa kitambaa kwenye mashine, akakigeuza, akatafuta ncha ya uzi wa njano, akavuta. Akavuta tena. Akainama, akaivuta kwa meno.

"Imeshika," akasema.

Bi Zamda alimshika Daktari bega, akaliacha. "Haya. Kanzu zinasubiri."

Safari hii kanuni ya nakala imerekebishwa. Ngazi imehifadhiwa kwenye flashi nne, moja iko kwa Marcelino ndani ya sufuria namba kumi na mbili, na yote imechapwa kwenye karatasi na kuwekwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la Bi Zamda. Juu ya kopo Bi Zamda ameandika kwa mkono wake: SI YA KUDARIZIA. Bi Najma naye ameanza kujifunza Mzizi, Jumanne na Alhamisi, jambo ambalo litaongeza idadi ya wanaoijua kwa asilimia mia moja.

Daktari alimwandikia Mkurugenzi barua ya mistari miwili kwamba kunakili kumekamilika. Barua iliingizwa kwenye ajenda ya Aprili, ikasogezwa Mei. Mwezi Mei Kamati ya Mali Chakavu ilifika chumba 304 kuikagua mashine, watu watano na kamera. Ripoti yao inasifu matunzo yake, ikibainisha kwamba siku hizi haina kelele kabisa na haitoi joto kama zamani. Kwa kuzingatia hali hiyo nzuri, na kwa kuwajali watumiaji, kamati iliridhia kwa kauli moja kwamba mashine isizimwe mapema, bali iachwe ihudumu hadi siku ya sherehe. Mlinzi wa lango peke yake ndiye aliyeuliza kama yule mama wa flashi anaumwa, maana hajamwona ngazini muda mrefu.

Kituo kinamshukuru Dk. Theopista Mlay kwa miaka thelathini na miwili, kwa machapisho arobaini na moja, kwa wanafunzi aliowalea wakawa wakuu wake, na kwa kutufundisha kwamba kuna kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani, somo ambalo ofisi ya utumishi imelizingatia katika kila upandishaji vyeo uliomhusu. Zawadi ya kituo ni saa ya ukutani. Zawadi ya Narung'ombe ni shuka iliyodariziwa maua kumi na mawili, na tumeshaambiwa kwamba ruhusa ya kuvuta uzi ipo. Nenda ukapumzike, Daktari. Ukaamke bila kengele, ukanunue yale mapazia, na kila ulichokiacha nyuma kikae kimefungwa uzi.

Sherehe itaanza saa tatu asubuhi ukumbini. Saa nne kamili Mkurugenzi, mbele ya wageni wote, ataizima rasmi mashine ya chumba 304, na tutasimama kimya kwa dakika moja.

Mashine hiyo ilichomolewa Jumatatu tarehe 9 Machi. Soketi yake ndiyo inayochemsha maji ya chai.